Blanketi la Krismasi la miraba ya kroshia: kasoro, chanzo chake na marekebisho

Kasoro nyingi za blanketi la miraba huonekana siku ya kuunganisha, lakini huwa zimezaliwa zamani, kwenye mraba ambao mfumaji aliacha kuhesabu. Kwa hiyo kabla hujafumua chochote, hesabu vikundi, kisha pima kwa futi. Hesabu ikiwa sawa na kipimo kikakataa, tatizo liko kwenye mkono, sindano au uzi. Hesabu ikikataa, usihangaike kubadili sindano wala uzi. Tafuta kikundi kilichozidi au kilichosahaulika.

Tunatumia mfano mmoja ili namba zieleweke. Blanketi lina miraba 99, yaani 9 kwa upana na 11 kwa urefu. Kila mraba una mizunguko 5, kwa uzi wa akriliki wa unene wa kati (lebo huandikwa DK au 8 ply) na sindano ya milimita 4. Mraba hutoka na takriban sentimita 12, na blanketi zima sentimita 108 kwa 132 kabla ya ukingo. Miraba ni ya aina mbili zinazopishana. Ya kwanza, A, ina mizunguko miwili ya nyekundu katikati, miwili ya kijani, na wa mwisho mweupe. Ya pili, B, inaanza na kijani, kisha nyekundu, kisha nyeupe. Namba witiri pande zote mbili zimechaguliwa makusudi, ili kona zote nne za blanketi ziangukie aina moja. Utahitaji A 50 na B 49. Ukifanya 10 kwa 11, kona mbili zitakuwa A na mbili B, na jicho la mgeni litaligundua hilo kabla hata hajaketi.

Majina tunayotumia: mnyororo ni kitanzi cha kuanzia. Kitanzi kifupi hakizungushiwi uzi kwanza. Kitanzi kirefu huzungushiwa uzi mara moja kabla ya kuchomeka sindano. Kikundi ni vitanzi virefu vitatu ndani ya nafasi moja. Kona ni vikundi viwili vilivyotenganishwa na minyororo 2. Kati ya vikundi vya pembeni hatuweki mnyororo wowote.

Hesabu ya kushika kichwani

Mzunguko wa kwanza una vikundi 4, wa pili 8, wa tatu 12, wa nne 16, wa tano 20. Kila upande, kutoka nafasi ya kona hadi nafasi ya kona, idadi ya vikundi ni sawa na namba ya mzunguko: mzunguko wa nne, vikundi vinne. Ukimaliza mzunguko, hesabu upande mmoja mmoja. Ni sekunde kumi tu.

Mraba unainama kama bakuli

Ulaze mezani bila kuuvuta. Kama katikati panabonyea na kingo zinainuka, maana yake mzingo ni mfupi kuliko unavyotakiwa. Hesabu kona kwanza. Mara nyingine mzunguko wa kwanza una vikundi 3 badala ya 4, na mraba wenye kona tatu hauwezi kulala. Kisha angalia minyororo ya kona: ukiweka 1 badala ya 2, kona zinabanwa na kazi yote inavutwa kwenda juu.

Hesabu ikiwa sawa, chanzo ni mkono unaokaza, na kwetu kasoro hii ina historia yake. Wafumaji wengi walijifunzia kwenye vitambaa vya makochi na vya meza, kwa uzi mwembamba wa pamba na sindano ndogo ya chuma, kazi ambayo uzuri wake ni kukaza. Mkono huohuo ukishika uzi mnene unafuma kitu kigumu kama mkeka. Dawa ya kwanza ni kupanda saizi ya sindano: milimita 4.5, na isipotosha, 5. Ya pili ni namna ya kushika uzi. Ukiuzungusha mara mbili kwenye kidole cha mwisho, punguza iwe mara moja. Ya tatu ndiyo wengi hawaijui. Kitanzi lazima kikae kwenye shina la sindano, ile sehemu iliyonyooka, kisiishie shingoni karibu na ndoano, kwa sababu shingo ni nyembamba na kitanzi kinachofungwa pale huwa kidogo kuliko saizi ya sindano. 

Kingo zinafanya mawimbi

Hapa mzingo umezidi. Sababu ya kawaida ni minyororo mitatu kwenye kona, au mnyororo uliowekwa kati ya vikundi vya pembeni kwenye mzunguko mmoja na kuachwa kwenye mwingine. Angalia pia kama mzunguko wa kwanza una vikundi 5. Huo si mraba tena, ni pembe tano, na hakuna pasi itakayounyoosha.

Mawimbi yakitokea kwenye mzunguko mweupe peke yake huku ya ndani ikiwa imelala vizuri, linganisha unene wa nyuzi. Lebo zinaweza kuandika kitu kilekile kumbe nyuzi hazilingani. Zungusha kila rangi kwenye penseli, mizunguko ikigusana bila kubanana, kwa urefu wa sentimita 2.5. Nyekundu ikiingia mara 11 na nyeupe mara 9, nyeupe ni nene zaidi. Ifume kwa sindano ya milimita 3.5 au badilisha uzi. Usijidanganye kwamba itakaa yenyewe ikifuliwa.

Mraba ni mdogo na mgumu, au mkubwa wenye matundu

Hii ni kasoro ya kusoma mchoro. Michoro ya Marekani na ya Uingereza hutumia vifupisho vilevile kwa vitanzi tofauti. Kwa Mmarekani, dc ni kitanzi kirefu. Kwa Mwingereza, dc ni kitanzi kifupi, na kirefu ni tr. Ukifuata mchoro wa Marekani kwa macho ya Kiingereza cha Uingereza utapata mraba mdogo mgumu, usiofika hata sentimita 9 baada ya mizunguko mitano. Ukikosea upande wa pili, vitanzi vinarefuka na matundu yanapitisha kidole. Njia ya kutambua: mchoro ukiwa na kifupisho sc popote, ni wa Marekani, kwa sababu Waingereza hawakitumii.

Mraba umesokoteka, si mraba kamili

Umehesabu, uko sawa, umelala, lakini pembe zimezunguka kidogo upande mmoja. Hii hutokana na kufuma mizunguko yote ukitazama uso mmoja. Kichwa cha kila kitanzi hakikai sawasawa juu ya mwili wake, husogea kidogo pembeni, na kusogea huko kunajumlishwa mzunguko kwa mzunguko. Kwenye mizunguko 2 hauoni kitu. Kwenye 5 unaona. Geuza kazi kila unapoanza mzunguko mpya, yaani mmoja uso wa juu, unaofuata uso wa nyuma, na msokoto utajifuta. Hasara ni kwamba mizunguko itaonyesha sura mbili tofauti kidogo, na binafsi tunaona hasara hiyo ni ndogo. Kama miraba 60 imeshafumwa, usianze kugeuza wa 61. Endelea hivyohivyo, unyooshe kwa pini, kwa sababu blanketi lenye miraba ya namna mbili ni baya kuliko lenye msokoto mdogo unaofanana.

Tundu la katikati linafunguka

Ukianza kwa pete ya kuvuta, yaani duara la uzi linalokazwa kwa kuvuta mkia, uzi wa mkia ndio kufuli pekee. Mkia wa sentimita 5 utatoka baada ya kufua mara moja au mbili. Acha sentimita 15, vuta pete, kisha kwa sindano butu ya kushonea uzungushe mkia kwenye pete mara mbili, na urudishe nyuma kinyume cha ulikotoka. Anayechoka na hilo aanze kwa minyororo 4 iliyofungwa kuwa duara: tundu linabaki dogo lakini haliwezi kufunguka. Kwa blanketi litakalofuliwa mara kwa mara, sisi tunachagua minyororo.

Nyekundu inachungulia kwenye kijani

Rangi imebadilishwa imechelewa. Kitanzi kirefu cha mwisho cha rangi ya zamani kina mivuto miwili. Wa pili lazima uvutwe kwa rangi mpya. Lakini kwa mraba huu kuna njia safi zaidi: kata rangi ya zamani baada ya kufunga mzunguko, kisha uanze rangi mpya kwenye nafasi ya kona nyingine, siyo ileile. Ukianza kona ileile mara tano, minyororo 3 ya kuanzia inapangana na kuchora mstari wa kovu kutoka katikati hadi nje.

Ncha za nyuzi ndizo zinazokatisha watu tamaa. Kila mraba wa rangi tatu una ncha 6, kwa hiyo miraba 99 ina ncha 594. Ukiziacha zote za mwisho, blanketi litakaa kwenye mfuko hadi Pasaka. Zifiche kila umalizapo mraba: peleka mkia upande mmoja sentimita 4, rudi sentimita 3 ukiruka uzi mmoja wa kitanzi, kisha upande wa kwanza tena. Mwelekeo mmoja hautoshi kwa akriliki, ambayo huteleza. Fundo nalo si dawa, hutokeza upande wa juu baada ya kufua.

Ukikaa mbali, blanketi ni la kahawia

Hapa ufumaji hauna kosa, macho ndiyo yanayodanganyika. Nyekundu iliyoiva na kijani cha majani makavu vina giza linalokaribiana, na vikikaa vipande vidogovidogo jicho linavichanganya. Kabla ya kununua, panga madonge ya uzi pamoja, piga picha kwa simu, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikitoka kijivu kilekile, badilisha moja: kijani kilichokolea zaidi na nyekundu angavu hutengana vizuri. Ikiwa uzi umeshanunuliwa, weka nyeupe kati yao kwenye mzunguko wa tatu pia. Krismasi itarudi.

Nyeupe imeisha na nyekundu imebaki

Mzunguko wa tano una vitanzi virefu 60 kati ya 180 vya mraba mzima. Mzunguko mmoja, theluthi ya uzi. Wengi hudhani kila mzunguko ni sehemu moja ya tano. Kwa mpango wetu wa A na B kupishana, nyekundu, kijani na nyeupe hutumika karibu sawa kwa sawa kwenye miraba yenyewe. Kinachokula nyeupe ni kuunganisha, na ukingo ukiwa mweupe, ambavyo hukumbukwa mwishoni.

Mzani wa jikoni unamaliza ubishi. Fuma miraba 10, mitano A na mitano B, uipime pamoja, uzidishe kwa 10. Ongeza robo kwa ajili ya mishono na ukingo, na robo hiyo iwe ya rangi utakayounganishia na ya ukingo. Nunua rangi ya kuunganishia siku moja, ukiangalia namba ya loti kwenye lebo, yaani fungu la uzi lililotiwa rangi pamoja. Nyeupe mbili za loti tofauti dukani zinaonekana moja, kitandani zinaonekana mbili. Ikishatokea, usiweke loti mpya upande mmoja wa blanketi. Itumie kwenye ukingo tu, ambako tofauti itaonekana kama imekusudiwa.

Miraba haitoshani

Kata boksi gumu mraba wa sentimita 12 na uweke kila mraba juu yake. Tofauti ya nusu sentimita itaisha kwenye kunyoosha. Ikifika sentimita 1, fumua mzunguko wa mwisho tu na uufume tena kwa sindano kubwa au ndogo kwa nusu milimita. Mara nyingi hakuna haja ya kugusa ya ndani. Miraba ya jioni, mfumaji akiwa amechoka, huwa mikubwa au midogo kuliko ya asubuhi kutegemea mtu. Ndiyo maana ni busara kutopanga miraba kwa mfuatano iliyofumwa. Ichanganye, ili safu moja isiwe yote ya siku za haraka na kuvuta blanketi zima upande.

Kunyoosha kunategemea aina ya uzi, na hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Sufu na pamba: lowesha, kamua ndani ya taulo bila kusokota, bana kwa pini zisizoshika kutu juu ya godoro au busati, acha ikauke. Pwani, msimu wa unyevu, inaweza kuchukua hadi siku mbili. Akriliki haisikii maji peke yake, inahitaji mvuke. Shikilia pasi ya mvuke sentimita 3 hadi 5 juu ya kazi, isiguse kamwe. Pasi ikigusa, uzi unayeyuka kidogo, unalegea, unang'aa na kulala kama kitambaa kilicholowa. Hali hiyo hairudi nyuma. Kama hujawahi, jaribu kwenye mraba wa ziada. Uzi wa kumetameta wa dhahabu au fedha, ambao wengi huuongeza ili blanketi liwe la sikukuu, una plastiki nyembamba ndani yake na unayeyuka upesi zaidi. Pia hukwaruza ngozi. Ukiutaka, uweke kwenye ukingo. Blanketi la mtoto mchanga lisiwe nao, wala vifungo, shanga na vipompomu.

Nyekundu imetoka na kuingia kwenye nyeupe

Akriliki ya kiwandani kwa kawaida haitoi rangi. Pamba nyekundu ndiyo ya kuogopwa. Jaribu kabla ya kuanza: lowesha kipande cha uzi kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kifunge ndani ya kitambaa cheupe, kiwekee kitu kizito kwa nusu saa. Kitambaa kikipata waridi, geuza madonge yote mekundu kuwa mafungu yaliyofungwa kwa uzi sehemu nne, uyafue na kuyasuuza hadi maji yatoke masafi, ndipo ufume. Chumvi na siki husifiwa sana vijiweni, lakini haviwezi kutegemewa kushikilia rangi iliyowekwa kiwandani. Maji mengi ya kusuuzia ndiyo hufanya kazi.

Ikiwa rangi imeshaingia, muda ni adui. Usilikaushe, usilikunje likiwa bichi. Lirudishe mara moja kwenye maji mengi ya baridi yenye sabuni ya nguo za rangi, ulitikise, ubadilishe maji kila yanapogeuka waridi. Usiligusishe jiki: itakula nyekundu kabla haijasafisha nyeupe, na kama uzi ni wa sufu itauharibu wenyewe.

Mshono unavuta, au umetokeza mgongo

Kila upande wa mraba una vitanzi 17 vya kushonea: virefu 15, na mnyororo mmoja kutoka kila kona. Shona 17 kwa 17. Mmoja akiwa na 16 na mwingine 17, kona hazitakutana na utalazimika kuvuta. Mshono wa kitanzi kifupi hutokeza mgongo. Wengine huupenda, lakini kwenye blanketi la kulalia unakera. Ili mshono ulale, shona kwa sindano butu ukishika uzi wa nyuma tu wa kila kitanzi, na usikaze hadi mwisho: uzi uache nafasi ya kunyumbulika. Ukiunga kwa sindano ya kroshia, panda hadi milimita 5.

Unganisha mistari yote ya kulala kwanza, kutoka ukingo hadi ukingo bila kukata, ndipo ya kusimama. Tundu linalobaki pale kona nne zinapokutana hutokana na kukatiza mshono kila mraba. Ukipita njia ya kusimama, vusha uzi juu ya mshono wa kulala ukishika minyororo ya kona ya pande zote mbili.

Ukingo unafanya mawimbi au unabana blanketi

Anza na mzunguko wa vitanzi vifupi. Weka kimoja katika kila kirefu, kimoja katika kila nafasi ya kona iliyo kwenye maungio, na usiweke kitu kwenye mshono wenyewe. Kona nne kuu za blanketi zipate vifupi 3. Wanaoweka vifupi 2 au 3 kila nafasi ya maungio ndio hupata mawimbi, kwa sababu upande mrefu una maungio 10 na ziada hujumlishwa. Kati ya kitanzi cha katikati cha kona moja na cha kona inayofuata utapata vitanzi 153 upande mfupi na 187 upande mrefu. Ukitaka mzunguko wa vikundi juu yake, kikundi kimoja kwa kila vitanzi 3, basi 153 inagawanyika sawasawa. 187 haigawanyiki: ruka kitanzi kimoja katikati ya kila upande mrefu, zibaki 186.

Ukingo ukibana, usifumue kwanza. Pima upana wa blanketi katikati na ukingoni. Tofauti ikizidi sentimita 2, rudia mzunguko kwa sindano kubwa zaidi. Ikiwa chini ya hapo, mvuke utatosha. Rangi ya ukingo chagua kijani kilichoiva. Nyeupe hupendeza kwenye picha, ila ukingo ndio unaoburuzwa sakafuni.

Baada ya kufua, usilitundike kwenye kamba. Likiwa limelowa ni zito, na uzito huo huvuta vitanzi vya juu kuwa virefu, hasa kwa pamba. Litandaze kivulini juu ya mkeka, livute pembe zikae sawa, uligeuze upande wa juu ukishakauka.